Sanduku la Kapteni Brandau

Habari za vita vya Wadachi kule kusini hakuna azijuaye kunishinda mimi, kwa maana nilikuwapo. Yaani, aliyekuwapo ni bibi yangu, naye risasi zikianza kulia alikuwa nyuma ya chungu.

Mwaka ule wa 1917 jeshi la Wadachi lilikuwa likirudi nyuma katika mapori ya Liwale, askari na bunduki zao mbele, wake zao na vyungu nyuma, bibi yangu akiwamo. Mkuu wa wanawake hao alikuwa Kidawa binti Mpandashalo, Mnyamwezi. Mumewe askari, mwenye cheo cha koplo, Ombasha Songoro, alikuwa akitetemeka kwa homa siku ya nne. Mwaka uliotangulia dawa ya kwinini ilimwinua, ingawa kila akiimeza kutwa nzima alilalamika kwamba kengele zinamlilia masikioni.

Kando yake, juu ya machela, alilala Luteni Horvati wa jeshi la Austria, naye ana homa ileile. Mfalme wake na mfalme wa Wadachi walikuwa wameapa kufa pamoja.

"Kwinini imekwisha tangu Mahenge," alisema Kapteni Brandau, Mdachi mkuu wa kikosi. "Na wewe Horvati usingoje upendeleo. Tangu vita vianze kazi yetu ni kuwabeba nyinyi."

"Mnatubeba kama kupe ambebavyo ng'ombe," Horvati alijibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

Kidawa akapiga makofi. Kwao, watu wanaotukanana hivyo hadharani wasitoane damu ni watani; na mtani mgonjwa hanyimwi. Akinyimwa, mali ya mwenziwe hunyakuliwa na hakuna kesi.

"Kumbe nyie watani," alisema. "Si mngetwambia mapema."

Akaingia hemani na wenziwe, wakalitoa sanduku la chuma la Kapteni, akalikalia.

"Huyu si mtani wangu," alisema Brandau, mkono u kwenye bastola. "Ni mshirika wangu."

"Mshirika humnyima mwenziwe dawa?"

"Ndiyo kazi yake," akasema Horvati kutoka machelani.

"Ondoka, mwanamke. Humo mna barua za serikali tu."

"Piga, Bwana Mkubwa. Ila leo usiulize ugali."

Wanawake wakavifudikiza vyungu vyao, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho. Pori zima likanyamaza. Kapteni akageuza shingo kwa hasira.

"Nani huyo anapiga kengele? Mnataka adui atusikie?"

Kengele haikuwapo. Songoro, ndani ya blanketi, alifumbua jicho moja.

Kidawa akanyoosha kiganja.

"Bwana Mkubwa, tupe ufunguo wa hizo barua."