Uji wa Susu Kasyoka

Kila alasiri baada ya shule, Syombua alishika njia ya mtoni na mtungi wake wa lita ishirini. Huko Kalama mto wao huwa mchanga mtupu miezi mingi, kwa hivyo watu huchimba shimo mchangani na kuteka maji kwa kikombe. Akirudi nyumbani, alitakiwa kuyachuja kwa kitambaa, atie kifuniko kimoja cha dawa ya maji, kisha angoje nusu saa kabla ya kuyamimina kwenye chungu cha kunywa.

Nusu saa hiyo ndiyo iliyomshinda. Wenzake walimwita wakaruke kamba, naye akayamimina maji vivyo hivyo bila kutia dawa. Ili asigunduliwe, kila Jumamosi alimwaga dawa kidogo nyuma ya choo, chupa ionekane inapungua.

"Umeweka dawa?" mama yake, Wayua, alimwuliza kila jioni.

"Nimeweka, mama."

Siku moja ndugu yake mdogo, Mutua, mwenye miaka minne, alianza kuhara na kutapika. Kufikia asubuhi macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Mama alimkimbiza hospitalini, mtoto akalazwa siku mbili akitundikiwa dripu ya maji.

Waliporudi, Ann, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kuwajulia hali.

"Maji ya kunywa mnayatia dawa?" aliuliza.

"Kila siku. Huyu binti yangu ndiye anayeshughulikia," mama akajibu kwa fahari. "Mimi nashuku ule uji wa Susu Kasyoka. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Hiyo sufuria anaiosha kweli?"

Susu, yaani nyanya, ndivyo kijiji kizima kilivyomwita yule mama mzee aliyewapikia watoto wa chekechea, Mutua akiwemo, uji kila asubuhi bila malipo. Syombua alikuwa mlangoni akisikia yote. Alichukua mtungi wake akatoka nje.

Maneno ya mama yalienea. Kufikia Jumatatu, wazazi walikuwa wamewakataza watoto wao kunywa uji ule. Syombua alipopita chekechea akienda shule, alikuta sufuria imejaa, uji umefanya utando juu. Susu alikuwa ameketi peke yake, mikono imelegea mapajani. Alipomwona, akainuka.

"Mutua anaendeleaje? Mpelekee haya mayai, apate nguvu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Leo nimeosha sufuria mara tatu. Sijui nilikosea wapi."

Syombua alipokea mayai mawili yakiwa bado na joto. Uso ulimwaka. Siku nzima darasani hakuinua mkono hata mara moja.

Jioni alimkuta mama akichagua maharagwe. "Mama, si uji," alisema, akaeleza yote, hata ile dawa aliyoimwaga.

Mama akaweka ungo chini. Hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Syombua zaidi.

"Kumbe nimemchafulia mama wa watu jina bure," mama alisema. "Kesho tutaenda sote. Hata mimi niko na langu la kusema."

Asubuhi, wazazi walipokuwa wakiwaleta watoto chekechea, Syombua alisimama mbele yao.

"Ni mimi," alisema. "Sikutia dawa kwenye maji, na nikadanganya. Uji wa Susu hauna kosa."

Mtu mmoja akaguna. Hakuna aliyemwambia si kitu. Mama naye akaomba msamaha, kichwa chini.

Susu Kasyoka aliweka mwiko chini, machozi yakimlengalenga.

"Mjukuu wangu," alisema, "uvivu wako ulimfanya mtoto augue, na hilo ni baya. Lakini uliponiona nalaumiwa ukanyamaza, uliongeza kosa jingine, na hilo ulilifanya ukijua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Mimi nimekusamehe."

Akawageukia watoto. "Haya, leteni vikombe!"

Mutua ndiye aliyekunywa wa kwanza. Syombua hakuthubutu kumtazama Susu usoni. Alivikusanya vikombe vilivyotumika, akachutama kando ya beseni, akaviosha kimoja kimoja.