Mstari Uliofuata

Nyumba ile iliamshwa kila asubuhi na cherehani. Mama alishona maturubai ya malori pale sebuleni, kwa uzi mnene uliopakwa nta, na turubai moja likitandazwa hakuna aliyepata pa kukaa. Binti yake wa miaka kumi na miwili alijulikana mtaa mzima kwa jina la Wakili, kwa kuwa tangu aanze kusema hakuwahi kushindwa ubishi. Wa tatu alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama, aliyehamia kwao kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa.

Wiki hiyo Wakili alikuwa na jambo kubwa. Mwalimu wa shule ya Jumapili alimchagua asimame mbele ya kanisa, aeleze barua ya pili ya mtume Paulo kwa Wathesalonike iliandikwa kwa nini. Wakili aliuchukua mzigo huo kwa uzito wote. Aliacha kuosha vyombo, akaacha kuteka maji, na hata kitanda chake hakukitandika. Akiulizwa, alijibu kwamba ana kazi ya Bwana. Barua yenyewe alikuwa hajaisoma. Alichagua mstari mmoja uliompendeza, akaukariri.

Alhamisi jioni, wakiwa mezani, Mjomba alinyoosha mkono aongeze chakula. Wakili akasafisha koo na kutangaza kuwa mtume aliagiza wazi: mtu asiyetaka kazi asipewe chakula.

Mjomba alirudisha upawa taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alisema ameshiba, akanawa mikono, akatoka nje. Kesho yake hakula nyumbani kabisa. Jumamosi asubuhi mkoba wake ulikuwa karibu na mlango, umefungwa.

"Anaondoka kesho tukitoka kanisani," Mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Hana pa kwenda. Nimembembeleza, hasikii. Umemfukuza kwa neno la Mungu, mwanangu. Sasa mimi nimwambie nini?"

Wakili aliona aibu na akaogopa. Kisha akachukua Biblia, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wake, ambaye siku nyingine za wiki aliuza dawa katika duka la pembeni mwa hospitali. Alimweleza yote bila kuficha.

Mwalimu hakumgombeza. Alinyanyua chupa iliyobandikwa karatasi yenye jina la mgonjwa. "Nikimpa mtu mwingine dawa hii kwa sababu tu chupa imenipendeza, itakuwaje?"

"Utamdhuru, Mwalimu."

"Basi ndivyo ulivyofanya. Barua ile iliandikiwa kanisa lenye ugonjwa wake. Wewe umegawa dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Kaa kwenye benchi hilo usome yote, kuanzia salamu mpaka kwaheri."

Zilikuwa sura tatu tu. Wakili alisoma habari za kanisa lililoteswa kwa ajili ya imani. Halafu uvumi ukawajia kwamba siku ya Bwana imeshafika, wakababaika. Baadhi yao waliishi bila kufanya kazi, wakila jasho la wenzao. Mwalimu alimweleza kuwa wengi huona mambo hayo mawili yalihusiana, kwani mtu akiamini dunia inakwisha leo, atalima ya nini? Mtume aliandika awatulize, tena awarudishe kazini, akiwakumbusha kwamba yeye mwenyewe alipokuwa kwao alifanya kazi ili asimlemee mtu.

Akaufikia mstari wake. Kisha akasoma uliofuata, ambao hakuwahi kuutazama. Ulisema wapo wasiofanya kazi yoyote, ila kujiingiza katika mambo ya wengine.

Wakili aliusoma tena. Mjomba alitoka kila alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye mageti ya viwanda, akarudi na viatu vyenye vumbi. Kisha aliosha vyombo na kuteka maji. Vyombo vilikuwa vya zamu ya nani? Maji yalikuwa ya zamu ya nani?

Mwalimu alimwambia kwamba, akitaka, kesho atasimama mwingine.

"Hapana, Mwalimu. Nitasimama mimi."

Alirudi nyumbani akateka maji, akasugua masufuria mpaka yakang'aa. Mjomba alipoingia akanyoosha mkono kuchukua kitambaa, Wakili alikikumbatia.

"Acha, Mjomba. Wiki nzima umefanya kazi yangu, nami nikakuita mvivu. Nisamehe."

"Nilidhani nyumba nzima ndivyo inavyoniona," Mjomba alisema. Lakini mkoba hakuugusa.

Jumapili Wakili alisimama mbele ya kanisa, Mama na Mjomba wakiwa kwenye benchi. Alieleza habari za mateso, uvumi na watu walioacha kazi. Jina la Mjomba hakulitaja. Alimaliza hivi: "Nilidhani barua hii inamhusu mtu mwingine. Kumbe aliyeacha kazi kwa kisingizio cha dini ni mimi." Watu walicheka kidogo.

Walipofika nyumbani Mama aliandaa chakula. Mjomba alisimama mlangoni karibu na mkoba wake. Wakili akavuta kiti, akampakulia sahani ikajaa.

"Mtume ameruhusu?" Mjomba aliuliza, akijizuia kucheka.

"Ameruhusu, Mjomba. Amesema pia tusichoke kutenda mema."

Mjomba aliubeba mkoba akaurudisha chumbani, kisha akaja kukaa. Alikula, na safari hii akaongeza.

"Mwanangu," Mama alisema, "neno la Mungu likikufikia, lisome kwanza kama barua yako mwenyewe. Likibaki, ndipo uwagawie wengine."

Wakili hakubisha. Alikusanya sahani, akaenda kuziosha.