Mti wa Kuinulia Waya

Ilikuwa saa nane mchana kule Sugoi, na jua lilikuwa kali. Chelimo alikuwa akifua nguo aliposikia trekta ya mumewe, Kipyego, ikinguruma. Alitoka nje kuangalia.

Trela ilikuwa imejaa marobota ya nyasi kavu ya kupelekwa Kiplombe. Juu kabisa alikaa Kevin, mdogo wake Chelimo, ameshika mti mrefu.

"Kevin! Huo mti ni wa nini?"

"Wa kuinua waya za stima pale mbele, dada. Ndio tupite."

"Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Chelimo, wacha kelele," alisema Kipyego. "Asubuhi tulipita hapo na mzigo kama huu. Hatukugusa kitu."

"Wewe umekaa chini, umeshika usukani. Ndugu yangu ndiye yuko juu! Mbona usipande wewe?"

Lynette, jirani yao, alisikia makelele akaja. Yeye ni fundi wa laini za stima.

"Kevin, shuka kwanza," alisema. "Tutaongea ukiwa chini."

Kevin alishuka akicheka. "Lynette, hizo waya zimevishwa plastiki. Si unaona ni nyeusi?"

"Hazijavishwa chochote. Waya za laini kubwa ziko wazi. Ni nyuzi za alumini zilizosokotwa, na katikati kuna nyuzi za chuma. Alumini ni nyepesi, hupitisha umeme. Chuma huipa waya nguvu isikatike. Huo weusi ni alumini iliyopigwa na jua na mvua miaka mingi."

"Na asubuhi tulipitaje?" aliuliza Kipyego.

"Asubuhi kulikuwa na baridi. Waya ikipata joto hurefuka, halafu inashuka. Tena si lazima uiguse. Ukiikaribia tu, umeme unaweza kukurukia. Na huo mti hauwezi kukukinga."

Kevin aliacha kucheka.

"Mngekuja kuniambia nini hapa?" Chelimo alifoka. "Kwamba nyasi imefika salama?"

Kipyego alizima trekta. Alipanda, akaanza kushusha marobota ya juu. Siku hiyo alienda safari mbili, akapitia njia ya shule, ambako hakuna laini. Kevin alifuata kwa baiskeli. Kipyego pia aliwapigia watu wa stima, akawaambia waya imeshuka sana. Walikuja wakaivuta juu.

Jioni ile Kevin alikaa jikoni na kikombe cha chai.

"Dada, ule mti wangu uko wapi?"

Chelimo alionyesha motoni.

"Ndio umechemsha hiyo chai. Kunywa."