Mfuniko Usio na Kufuli

Jioni, wasichana wa Bweni B walikuwa na kijiwe chao. Walikaa juu ya mfuniko wa tangi la maji, lile lililochimbwa chini ya ardhi kando ya njia ya kwenda madarasani. Chuo chao kilikuwa Kisongo, na upande ule ni vumbi tupu. Mfuniko ule wa chuma ulikuwa mahali pekee pa kukalia bila kuchafua sketi. Walikaa hapo, wakasukana, wakasengenya weee, mpaka giza likaingia.

Twahira na Hope hawakukosa. Walilala chumba kimoja. Twahira, mtoto wa Ngarenaro, alikuwa mwaka wa pili. Bweni lilikuwa limemchagua awe mbunge wao katika bunge la wanafunzi. Hope alitoka Machame, mwaka wa kwanza, mpole na mwoga. Maji ya bweni ndiyo aliyaogopa zaidi. Alikuwa ameambiwa kwamba tangi lina ufa, na bomba la choo linapita jirani. Basi kila siku alichemsha maji yake kwenye birika, na wenzake wakimcheka.

"Achana na hilo birika," Twahira alimwambia siku moja. "Jana Waziri wetu wa Afya alitusomea taarifa bungeni. Tangi limesafishwa na ufa umezibwa. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Kweli, dada?"

"Kweli tupu. Tena tumeipitisha."

Sasa, ujue bunge lile lilikuwa na mazoea yake. Waziri akimaliza kusoma, Spika alisema, "Waheshimiwa, tuipitishe kwa makofi!" Makofi yalilia pa pa pa, na watu wakakimbilia soda na sambusa. Aliyeinua mkono kuuliza alizomewa. Walimwita mchawi wa sambusa, eti anachelewesha watu kula. Siku ile Twahira alikuwa na swali. Akalimeza, akapiga makofi kama wenzake. Nani anataka kuitwa mchawi?

Hope akaliweka birika chini ya kitanda.

Masika yalipoanza, Hope akapata homa. Kichwa kilimgonga, tumbo likamkata. Akadhani ni malaria, akawa anameza vidonge vya maumivu tu. Alipozidiwa, wenzake wakamkimbiza hospitali mjini. Daktari alisema ni homa ya matumbo, na amechelewa. Utumbo ulikuwa umetoboka. Ikabidi apasuliwe. Wakati huohuo, bwenini wengine nao wakaanza kuugua.

Twahira alipokwenda kumwona, alimkuta amekwisha kabisa, macho yameingia ndani. Baba yake, Mzee Stanley, alikuwa ameketi pembeni ameshika kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hope alifumbua macho. "Dada, lile tangi. Ulienda kuliona?"

"Sikwenda. Nilisikia tu."

Hope akageukia ukutani. Mzee Stanley hakugomba. Laiti angegomba! Alisema tu, "Mwaka huu hatausoma. Wakimruhusu, nampeleka nyumbani."

Twahira alirudi kwao Ngarenaro akilia njia nzima. Jirani yao, Bi Kauthar, alimkuta amejiinamia barazani. Bi Kauthar aliwahi kuwa diwani, na mpaka leo watu wa mtaa humfuata wakiwa na shida. Twahira alimsimulia yote.

"Saadi ametumaliza," alisema. Saadi ndiye yule Waziri wa Afya.

"Saadi ana lake," Bi Kauthar alijibu. "Na nyie mna lenu. Niambie, nani mwenye kazi ya kuhakikisha tangi linazibwa?"

"Serikali ya wanafunzi. Rais na mawaziri wake."

"Na nani mwenye kazi ya kuwasimamia hao?"

Twahira aliinua uso kumtazama.

"Ni nyie wabunge, mwanangu. Ndiyo maana mpo. Sisi madiwani tulipoambiwa kalavati la barabara limekwisha kujengwa, kamati yetu ilivaa mabuti ikaenda kulikanyaga. Likiwa bovu, tunatoa tarehe ya kulirekebisha. Tarehe ikifika, tunarudi."

"Nikimuuliza, Saadi ataona namchukia."

"Wee! Kumuuliza mtu kazi uliyompa siyo kumchukia. Aliyefanya vizuri atafurahi ukienda kuona. Tena huulizi kwa ajili yako. Umetumwa na bweni zima. Warudishie ulichokiona, siyo ulichokisikia."

Bunge lilipokaa tena, Saadi alisimama na taarifa nyingine. Alisema ugonjwa umeletwa na chakula cha mitaani, maana tangi lilishatengenezwa. Spika, kijana aitwaye Ndesanjo, akainua mikono tayari kuwaita watu wapige makofi. Twahira akasimama.

"Mheshimiwa Spika, nani ameliona hilo tangi?"

"Mchawi huyo!" sauti ilitoka nyuma. Watu wakacheka.

Saadi akafura. "Unaniita mwongo? Fundi mwenyewe alinipigia simu, akasema amemaliza!"

"Sikuiti mwongo, mheshimiwa. Nakuuliza, wewe uliliona?"

Saadi alitazama karatasi yake. Kicheko kikafa.

"Sikuliona," alisema.

"Na mimi sikuliona," Twahira alisema. "Na kila siku nalikalia. Naomba bunge zima tutoke, twende."

Ndesanjo aliziangalia sambusa, kisha akaiangalia milango. "Haya," alisema. "Twendeni."

Walitoka nje kwenye manyunyu. Twahira alishika kishikio kimoja cha mfuniko, Saadi akashika cha pili, wakauinua. Harufu iliyotoka humo, jamani, iliwarudisha watu nyuma. Mtu akamulika kwa simu. Ufa ulikuwa vilevile. Maji machafu ya choo yalikuwa yakichuruzika ndani. Fundi hakuwa amegusa kitu. Saadi alijifunika uso kwa mikono.

"Mungu wangu," alisema. "Watu wamekunywa haya."

Hakuna aliyempigia makofi, wala aliyemzomea. Baadhi ya wasichana walikuwa wanalia.

Chuo kililifunga tangi siku hiyo, na maji yakawa yanaletwa kwa gari. Bomba la choo lilihamishwa, ufa ukazibwa, tangi likaoshwa kwa dawa. Saadi aliachia uwaziri. Wabunge nao walifuta makofi yao ya kupitishia taarifa. Wakaunda kamati ya kukagua, na Twahira akawa ndani yake. Tangu hapo, waziri akisema kazi imekwisha, kamati huenda kwanza kuiona. Kazi mbovu hupewa tarehe ya kurekebishwa. Kisha kila mbunge hurudi bwenini kwake kueleza alichokiona, na wenzake humuuliza maswali. Sambusa husubiri.

Masika mengine yalikuja yakapita. Hakuna aliyelazwa kwa homa ya matumbo.

Hope alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda, amekuwa mkimya. Wenzake alioanza nao masomo walikuwa wameshamwacha mwaka mzima. Jioni ile Twahira alimpeleka penye tangi.

"Tumelikagua wiki hii," alisema. "Nimeingiza kichwa mimi mwenyewe. Ni safi."

Hope aliutazama mfuniko. "Si hapa tulipokuwa tunakaa?"

"Ni hapa."

"Ulikuwa na kufuli wakati ule?"

Twahira alitamani kudanganya. "Haujawahi kuwa na kufuli, Hope."

Hope alisimama kidogo, mkono tumboni pale penye kovu, kisha akaenda zake chumbani. Twahira alipomfuata, alimkuta ameshalitoa birika sandukuni, analijaza maji ili ayachemshe. Twahira hakumwambia aachane nalo. Aliwasha jiko, wakakaa wote wawili kusubiri maji yachemke.