Bamia Mbele ya Kiyoyozi

Asabe alikata bamia vipande vyembamba, akavitandaza juu ya wavu wa waya. Wavu ule aliuegemeza kwenye sanduku la nje la kiyoyozi, uani, nyuma ya chumba cha mama mkwe wake. Sanduku lilipuliza hewa ya moto. Bamia zilikauka kwa siku moja badala ya tatu.

Wazo lilikuwa la mama mkwe mwenyewe, Hajiya Dije.

“Huo ni upepo wa bure,” Hajiya alisema kutoka mlangoni. “Mashine inanipoza mimi ndani, inanikaushia mboga nje. Mkwe gani anafanya kazi mbili bila kununa?”

“Mimi hapa,” Asabe alijibu. Wakacheka.

Hajiya pia alikuwa amelizungushia sanduku mkeka, ili vumbi la upepo wa hamatani lisiingie.

Hamatani ilikwisha, joto la mji wao wa Kano likafika. Mwaka uliopita joto hilo lilimwangusha Hajiya, akalazwa hospitali siku tisa. Muuguzi aliagiza akae kwenye chumba chenye ubaridi. Ndiyo maana mwanawe Bala, mume wa Asabe, alinunua kiyoyozi. Sasa kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa, lakini hewa yake ilikuwa vuguvugu. Hajiya aliumwa kichwa. Chakula alikisukuma pembeni.

“Gesi imekwisha,” Bala alisema Jumatano asubuhi. “Na fundi amesafiri. Nimempigia dada Hansatu. Ijumaa atakuja kumchukua mama, aende naye Jos. Kule kuna baridi.”

Hajiya aliinuka kitandani, akakaa.

“Nimezaa watoto sita katika nyumba hii,” alisema. “Jos namjua nani? Nitakaa dirishani kama mzigo uliosahaulika kituoni.”

Asabe alimtazama.

“Leo ni Jumatano,” Asabe alisema. “Ijumaa bado.”

Alivuka njia hadi kwa jirani yao Lami. Lami alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo hospitalini. Siku hiyo alikuwa na mapumziko. Alikuja na brashi laini, akasimama uani, akashika kiuno.

“Asabe, hiki ni kiyoyozi au jiko?”

“Usinicheke, Lami. Nieleze.”

“Sanduku hili kazi yake ni kutoa joto la chumbani na kulitupa nje. Linavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, linaipuliza kwa mbele. Nyinyi mmeziba nyuma kwa mkeka, mbele kwa bamia. Joto linagonga mkeka, linarudi, sanduku linalivuta tena. Litapoza nini?”

“Mkeka niliuweka mimi,” Hajiya alisema mlangoni. “Mtoto niliyemfunga mgongoni kwa kanga leo ananisomesha.”

“Ulinibeba vizuri, Hajiya, ndiyo maana nimekuja. Kulikinga na jua ni vizuri, lakini kivuli kiwe juu sana. Pande zote ziwe wazi.”

Hajiya aliguna. Kisha akasema, “Haya, toeni.”

Asabe alitoa wavu na mkeka. Nyuma ya mkeka, vumbi jekundu lilikuwa limeganda kama blanketi.

“Sasa nionyeshe,” alisema. “Nataka kuosha mwenyewe.”

“Kwanza zima kiyoyozi. Kisha zima swichi yake kubwa ukutani. Usiguse chochote kabla ya hapo.”

Asabe aliogopa umeme tangu utotoni. Alizima, akaangalia mara ya pili, ndipo akachutama.

Bati nyembamba zilizopangwa nyuma ya sanduku zilikuwa laini. Lami alimfundisha kupiga brashi taratibu kutoka juu kwenda chini, kwa kufuata mistari, zisipindike. Kisha Asabe alizimwagia maji polepole kwa kopo. Maji yalitoka mekundu. Akamwaga tena, na tena, mpaka yakatoka safi. Mgongo uliuma, lakini hakuachia brashi.

“Upande huu wenye nyaya usiufungue wala usiumwagie maji,” Lami alisema. “Nyaya na gesi ni za fundi wa viyoyozi.”

Ndani ya chumba waliosha pia chujio, wakalikausha kivulini. Walisubiri sanduku likauke, wakawasha. Baada ya saa moja Asabe aliweka kiganja mbele ya kiyoyozi. Hewa ilikuwa baridi.

“Kumbe gesi ipo,” alisema.

“Gesi ipo. Wakati wa hamatani, osha kila wiki mbili. Nyakati nyingine, mara moja kwa mwezi. Acha nafasi ya hatua moja nyuma, na mbele hatua mbili. Ukiosha bado haipozi, hapo mwite fundi.”

Alhamisi Hajiya alikula bakuli zima la ugali wa tuwo.

Ijumaa Hansatu alifika na gari. Aliingia chumbani kufungasha nguo za mama yake. Muda ukapita. Asabe alichungulia, akamkuta wifi yake amelala kando ya mama, amejifunika gubigubi.

Jumapili Hansatu alirudi Jos peke yake.

Jioni hiyo Bala aliingia uani na pikipiki yake, akaiegemeza nyuma ya sanduku la kiyoyozi kama alivyozoea. Hajiya alitokeza kichwa mlangoni.

“Bala, sogeza pikipiki yako,” alisema. “Au bado unataka kunipeleka Jos?”