Mikono Miwili ya Kilian

Mimi watoto wangu nimewafunza adabu, na atakayecheka acheke. Mkubwa akikupa kitu, pokea kwa mikono miwili, sema ahsante, ule mbele yake. Hapa Kihagara kila mtu alimsifu Kilian wangu kwa hilo.

Jioni ile, giza likianza kuingia, nilikwenda kumchukua kwa jirani yangu Notburga, mwenye televisheni ya sola. Mdogo wake Kilian, Jacqueline, nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikakuta sebule imejaa, tamthilia imenoga. Mle kwenye televisheni mtoto kafungiwa chumbani, na mwanamke aliyemwiba anamsogezea bakuli la nyama.

"Usile!" watu wakapiga kelele. "Usile, mwanangu!"

Kilian alikuwa nyuma kabisa. Kaipa televisheni mgongo, anatazama kona yenye giza.

"Shikamoo, bibi," akanong'ona.

Kwenye kona hapakuwa na mtu.

Akanyoosha mikono miwili. Akapokea.

"Ahsante, bibi."

Akaanza kutafuna...

Ndipo harufu ikanifikia. Kama ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, walionyeshewa kwenye uchanja wakaozea hapohapo. Nikamrukia.

"Tema! Kilian, tema!"

Akabana meno. Nikaingiza kidole kwa nguvu. Mate yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, mazito, ya baridi. Likatoka pande la nyama nyeupe, limelegea. Lina ngozi bado. Ngozi ina vinyweleo. Na pembeni...

Ukucha.

Mdogo mno. Wa mtoto mchanga.

Yesu na Maria! Nilitapika palepale kwenye mkeka wa watu, wala sikuona haya. Notburga akaja na tochi, kaziba pua. Nikamfungulia kiganja changu aone. Kilikuwa kitupu. Kimelowa tu, kinanuka.

"Kona ile hukaa bibi gani?" nikamuuliza.

Akaimulika kona kwa tochi.

"Mama mkwe alipenda kukaa pale," akasema polepole. "Tulimzika mwaka jana, muda mfupi baada ya kichanga changu. Watu walisema mengi, Mama Kilian... mimi sikutaka kuyasikia."

Nyumbani nilimsukutua Kilian kwa maji ya chumvi. Nikamnyunyizia maji ya baraka. Mdomo ukaendelea kunuka vilevile, kinyaa kitupu. Ugali akausukuma pembeni.

"Nimeshiba, mama."

Nikamshika mashavu. "Ulimeza?"

"Kidogo tu."

Nani asiyejua? Ukila nyama ya wachawi, na wewe utatoa wa kwenu.

"Bibi alikwambia nini, baba? Niambie."

"Kasema ile ilikuwa ya mjukuu wake. Kesho zamu yetu."

Jacqueline akacheua mgongoni kwangu. Kilian akanyanyua macho, akamtazama mdogo wake, akajilamba midomo.

"Mama," akaniuliza kwa adabu zake zote, "na mimi nikimpa bibi, nimpe kwa mikono miwili?"