Fisi wa Ludo

Binti aliyeitwa Jicho alikuwa akijigamba kwamba hajazaliwa mchezaji wa ludo ambaye yeye angeshindwa kumsoma. "Nipeni mchezo mmoja tu," aliwaambia wenzake, "nami nitawaambia mtu ni mnyama gani, na bibi yake alikuwa mnyama gani."

Walichezea kwenye saluni ya shangazi yake, baada ya shule. Sharti lilikuwa wafagie kwanza nywele sakafuni, ndipo waweke ubao juu ya kigoda, nyuma ya kiti cha wateja.

Kobe, alisema Jicho, ni yule anayejikunyata na kete zake akiogopa kutoka. Nyuki huacha njia yake ili amchome mwenzake tu, hata kama naye atakufa. Jogoo huwika akipata sita, akifungwa hununa mpaka kesho. Lakini anayetia kinyaa kuliko wote ni Fisi, mla kwa wizi. Akilitaja jina hilo, Jicho alikunja pua kama aliyekanyaga kinyesi.

Siku hiyo alishampata Fisi wake. Mtoto wa fundi viatu, waliyemwita Kidole, alikuwa na mazoea ya kuilamba dadu kabla ya kuirusha, eti anaitia bahati. Dadu ilitua ubaoni iking'aa mate, unywele wa mteja umeganda juu yake. Jicho aliishika kwa ncha za kucha. Mtu anayelamba dadu, alijiambia, ataachaje kuiba?

Na siku hiyo haikuwa ya mzaha. Jumamosi walikuwa wacheze na mtaa wa pili, na kwenye timu yao ilikuwa imebaki nafasi moja. Mshindi kati ya Jicho na Kidole ndiye angeichukua.

Kidole alirusha, akahesabu, akatua. "Nimekula."

"Umekula nini? Kete yangu imeshaingia nyumbani."

Kidole alikodoa macho. Aliapa kwamba kete ile ilikuwa nje, hapa, mlangoni kabisa.

"Fisi ni fisi tu," Jicho alisema. "Umezoea kulamba, sasa unataka na kutafuna."

Wenzao waliangua kicheko. Wakasema kama Jicho kamsoma, basi kasomeka, na mwizi hapelekwi mtaa wa pili kuwaaibisha. Kidole alichukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Wewe mtoto, rudi." Alikuwa muuza mayai, aliyekuja kusukwa. Hakugeuka, kwa kuwa shangazi alikuwa amemshika kichwa. Alisema akitazama kioo kilichokuwa mbele yake. "Kete imesogezwa na kiwiko cha huyu binti. Nimemwona humu kiooni."

Jicho alisema kiwiko kiliteleza.

"Na mchezo uliopita kikateleza. Kiwiko kinachoteleza kila mara kuelekea nyumbani kwako, mwanangu, hicho kina macho."

Kinyaa kilekile alichokuwa akiwaonea wengine kilimpanda Jicho kooni, na safari hii hakikuwa na wa kutemewa. Kete ilirudishwa, ikaliwa, Kidole akashinda, na nafasi ya Jumamosi ikawa ya Kidole. Hata hivyo shangazi alimtuma mshindi akaoshe mikono na dadu kwa sabuni, akisema mate ya bingwa nayo yanabeba magonjwa.

Kisha akamgeukia Jicho, kitana mkononi. "Umewapanga wanyama wote ukamsahau nyani, yule asiyeona kundule. Anayetaka kupima tabia za watu aanze na yake. Ukimwita mwizi mtu asiye na kosa, umemwibia jina lake, na hilo halirudi kirahisi kama kete."

Jicho alifungua mdomo aseme neno la kujitetea. Akakutana na macho ya muuza mayai kiooni, akaufunga.